Utamaduni, Dakika Ishirini

Usiku wa kuamkia Ijumaa Tunu Shekighenda hakupata hata lepe la usingizi, kwa hiyo ndoto yake ilibaki ikimngoja. Ilimngoja alfajiri, ikamngoja asubuhi alipofungua kibanda, ikamkuta mchana, kati ya adhuhuri na alasiri, amelaza shavu juu ya cherehani na mguu bado uko kwenye pedali. Watu husema ndoto za mchana hazina maana, ni shibe tu. Tunu hakuwa na shibe. Tangu Jumatano chakula kilikuwa hakimshuki.

Sababu ilikuwa karatasi. Mafundi cherehani wa mtaa wake pale Korogwe, watu saba, walikuwa wamejiandikisha kwenye ziara ya siku moja, Jumamosi, kikundi kidogo pamoja na mwongozaji. Aliyeileta ratiba barazani ni Fundi Mtunguja, mshona suti, mtu mwenye kifua kipana na sauti nzito inayofanya vikombe vigongane kabatini. Aliisoma kwa kituo: pwani, dakika arobaini. Msitu, saa moja. Utamaduni pamoja na chakula cha mchana, dakika ishirini, nyumbani kwa Bi Mwasiti Shekighenda, Pangani.

"Shekighenda kama wewe," Fundi Mtunguja akasema. "Ni ndugu yako?"

"Majina tu yamefanana," Tunu akajibu, akaendelea kutia uzi sindanoni. Ulikataa kuingia mara nne.

Mwasiti alikuwa dada yake wa tumbo moja. Miaka mitatu nyuma mama yao alifia Pangani, mikononi mwa Mwasiti. Tunu alipanda gari alfajiri ile ile. Gari likapasuka tairi Hale, likapasuka jingine Muheza. Alipofika, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini na majembe mabegani, wananawa mikono kwenye pipa. Hawakumngoja. Dada yake akanyanyuka mkekani kumpokea, na Tunu akasema mbele ya wanawake wote, kwa sauti isiyopanda wala kushuka: "Leo nimezika watu wawili." Kisha akageuka, akapanda gari lile lile lililomleta. Hata matanga hakukaa.

Mwasiti alipiga simu siku nyingi. Tunu hakupokea. Akaifungia namba, mwaka uliofuata akaifungulia, lakini simu zilikuwa zimekwisha kukoma. Na sasa alikuwa ameshaamua kwamba Jumamosi ataumwa. Tatizo ni kuwa alikuwa bado hajaamua aumwe nini. Alifikiria tumbo, akafikiria jino, akafikiria kizunguzungu, na katikati ya kizunguzungu akalala.

Ndotoni ni Jumamosi tayari, na jua limewahi kufika kuliko watu. Mafundi saba wamesimama stendi. Gari lipo, dereva hayupo, na hakuna anayemuulizia. Ratiba inakuja kwa miguu. Ni karatasi ile ile, imekunjwa mara mbili, imevaa kofia ya jua.

"Mimi ndiye Ratiba," akasema. "Mtanifuata. Anayechelewa atakuwa amechelewa."

Akamvua Tunu futi kamba shingoni bila kuomba, akawapima mmoja mmoja, akaandika tarakimu juu ya mwili wake mwenyewe. Alipomaliza akatikisa kofia.

"Tangazo linasema kikundi kidogo. Ninyi ni kikundi kikubwa chenye watu wachache."

"Tuko saba tu," Fundi Mtunguja akasema.

"Saba ni idadi. Mimi nazungumzia udogo."

Hakuna aliyebisha, maana ilikuwa kweli. Ratiba akatoa chaki, akawawekea alama magotini, akawapunguza kama mtu anavyopunguza suruali ya mtumba. Haikuuma. Ilikuwa inawasha kidogo ubavuni. Baada ya muda mfupi wote walikuwa na kimo cha ndoo ya lita ishirini. Fundi Mtunguja akainama, akakagua pindo lake kwa jicho la kazi.

"Mshono safi," akasema. "Ila asingekata. Angekunja kwa ndani. Iko siku tutataka kuachia pindo."

Wakapandishana garini kwa kubebana. Tunu alikaa dirishani, akasimama, akakaa tena. Gari likanguruma, lakini halikuondoka. Pwani ndiyo iliyokuja.

Ilikuja mchanga mtupu, bila maji. Ratiba akafungua buti la gari, akatoa jora la buluu, akaliweka chini na kulisukuma kwa mguu. Bahari ikajikunjua mpaka mwisho wa macho, ikitoa mlio wa kitambaa kipya. Mafundi wakasogea, kila mmoja akaushika ukingo kwa vidole viwili.

"Hii pamba?"

"Pamba gani! Mchanganyiko huu."

"Itachuja," Fundi Mtunguja akasema. "Tazameni huku chini, imeanza kuchuja."

"Kushika hairuhusiwi," Ratiba akasema. "Bahari ni ya kutazamwa. Zimebaki dakika thelathini na nane. Kabla ya kutazama, sainini kitabu."

Kitabu cha wageni kilikuwa juu ya meza ndogo, na nyuma ya meza alikaa kaa. Alikuwa na kalamu katika gando la kulia. Wenzake Tunu wakapita haraka. Ilipofika zamu yake, kaa akageuza ukurasa.

"Jina."

"Tunu Shekighenda."

"Utokako."

"Korogwe."

"Uliowazika."

Tunu akatazama nyuma. Wenzake walikuwa wameshapanga mstari mbele ya bahari, wanaitazama kama walivyoagizwa.

"Mmoja," akasema. "Mama yangu."

Kaa akasogeza kitabu karibu na macho yake yaliyosimama vijitini. "Hapa wameandikwa wawili."

"Ameandika nani?"

"Wewe. Huu si mwandiko wako?"

Ulikuwa mwandiko wake.

"Huyu wa pili alizikwa wapi?" kaa akauliza. "Nahitaji kujaza mahali."

"Hakuzikwa. Yuko hai. Yuko jikoni, anapika."

"Basi umeandika uongo kwenye kitabu cha wageni," kaa akasema, wala hakukasirika. "Wengi hufanya hivyo kwenye safu ya maoni. Kwenye safu ya maiti, wewe ni wa kwanza."

"Naomba nifute."

"Ufutio sina. Nina magando tu."

Tunu alisimama pale, mguu huu akiupandisha juu ya ule, mpaka Ratiba alipopiga makofi. Dakika arobaini zilikuwa zimekwisha. Bahari ikakunjwa. Mtu mmoja alikuwa bado amesimama juu yake, akakunjwa kidogo naye, kisha akatolewa.

Walipogeuka kulirudia gari, gari lilikuwa msitu. Viti vimekuwa mizizi, usukani umekuwa utando wa buibui, na mlango umekuwa geti. Mbele ya geti palikuwa na ndege, hondohondo mwenye mdomo mkubwa kama kopo la kuchotea maji, na pembeni yake kapu la ukindu. Bango lilisema: KELELE HAZIRUHUSIWI.

"Sisi hatupigi kelele," Fundi Mtunguja akasema, na majani yakapukutika.

"Kelele ni sauti iliyoamka," hondohondo akasema. "Sauti zote ziacheni hapa. Mtazichukua mkitoka."

Akaanza kuzitoa. Alikuwa anaingiza ncha ya mdomo kinywani mwa mtu, anashika, anavuta taratibu. Sauti ya Fundi Mtunguja ilitoka nene kama kamba ya kufungia ng'ombe, ikazunguka mara tatu ndani ya kapu. Ya Tunu ilikuwa uzi mwembamba wa kijivu, wa kutosha bobini moja, na katikati ulikuwa na fundo.

"Hili fundo la lini?" hondohondo akauliza.

Tunu angemjibu, lakini tayari alikuwa hana cha kujibia.

Kila mtu akapewa kifungo ili aje adai sauti yake. Tunu alipewa cheusi chenye matundu manne. Fundi Mtunguja naye alipewa cheusi chenye matundu manne. Wakatazamana.

Msituni kulikuwa baridi. Kila mti ulikuwa na kibao cha jina, na kila jina lilikuwa refu kuliko kibao. Ratiba alitangulia, akisema kwa mnong'ono. Yeye hakuwa ameacha sauti, maana karatasi haina.

"Sheria ni moja. Msitoke nje ya njia."

Wanatembea. Njia ni nyembamba, ya udongo mwekundu, iko tulivu. Mara inasimama. Inajikung'uta majani, inanyanyuka kutoka chini ya miguu yao, inaondoka zake kuelekea bondeni. Mafundi saba wanabaki pale pale. Hawajatoka nje ya njia. Njia ndiyo iliyotoka nje yao.

"Imekwenda kunywa maji," Ratiba akanong'ona, akitazama saa. "Hufanya hivi. Tungojeni."

Wakangoja. Tunu hakuweza kungoja. Alizunguka alipo, akihesabu majani, akisahau, akianza upya. Na katika ukimya ule ndege akaanza.

Alikuwa ndege mdogo wa kijivu, juu ya tawi la chini, wa kupitwa na jicho la mtu yeyote. Akafungua mdomo, akasema kwa sauti ya Tunu, isiyopanda wala kushuka:

"Leo nimezika watu wawili."

Mafundi wakageuza vichwa.

"Mna bahati," Ratiba akasema. "Huyu ni adimu. Aliingia msitu huu miaka mitatu iliyopita. Ana wimbo mmoja tu, lakini wageni hutoka mbali kuja kuusikiliza."

Simu sita zikainuliwa juu. Fundi Mtunguja akafumba macho kwa raha, kama mtu aliyesikia wimbo wa ujana wake.

"Leo nimezika watu wawili," ndege akasema.

Tunu akafungua kinywa kumwambia nyamaza. Hakikutoka kitu. Akapunga mikono. Ndege akamtazama kwa jicho moja, akarudia. Tunu akaokota jiwe.

"Usichukue kitu msituni," Ratiba akasema.

Akalirudisha mahali pake, na kwa kuwa sheria ni sheria, akaligeuza lilale kama alivyolikuta.

Ndege alilisema neno lile mara kumi na moja. Tunu alikuwa amelisema mara moja tu maishani, na hakuwahi kulisikia akiwa upande wa pili. Miaka yote aliamini kuwa lilitoka na uchungu ndani yake, uchungu ambao mtu yeyote mwenye masikio angeusikia. Haukuwemo. Lilikuwa baridi tupu, kama maji ya mtungi yanayomwagiwa mtu aliyelala. Sasa alielewa kwa nini wanawake wa mkekani waliinamisha vichwa siku ile, na kwa nini dada yake alibaki amenyoosha mikono bila kuishusha.

Njia ikarudi ikihema, imelowa upande mmoja. Wakaipanda, ikawapeleka mbio mpaka getini.

Hondohondo alikuwa na haraka; zamu yake ilikuwa inakwisha. Alipokea vifungo bila kuvitazama, akaanza kuwasokomezea watu sauti vinywani kama mtu anayejaza pamba kwenye mto. Tunu akameza yake. Ilishuka nzito, ikamkaa kifuani kama kiporo.

"Asante," akasema.

Nguzo za geti zikatetemeka. Ilikuwa sauti ya Fundi Mtunguja.

"Jamani," akasema Fundi Mtunguja, na kilichotoka kwenye masharubu yake kilikuwa uzi mwembamba wa kike. "Jamani, hii siyo."

"Sauti ikishapita geti hairudishwi," hondohondo akasema, akikunja kapu lake. "Njooni Jumatatu."

"Jumatatu mnafungua?"

"Hapana."

Utamaduni ulikuwa nyuma ya mti wa tatu. Palikuwa na mtaa mzima wa Pangani, kuta zake za chokaa iliyobanduka, na nyumba ambayo Tunu aliijua hata kabla ya kuiona, kwa harufu ya samaki wa nazi. Mlangoni palikuwa na bango: UTAMADUNI. BISHA HODI MARA TATU. USIPOJIBIWA, RUDI ULIKOTOKA.

"Dakika ishirini," Ratiba akasema. "Nani anabisha?"

Wote wakamtazama Tunu. Hakujua wamejuaje. Kizingiti kilimfika kifuani. Magoti yake yalikuwa yanataka kukimbia, kila goti upande wake, kwa hiyo yakakosana na yeye akabaki hapo hapo.

"Hodi," akasema. Sahani zikagongana ndani.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Mwasiti. Haikuwa imezeeka.

"Mimi. Tunu."

"Kaka yangu, usinitanie," sauti ya ndani ikasema. "Tunu namjua sauti. Mwaka mzima nilikuwa nampigia, nakaa na simu sikioni, namsubiri aseme haloo tu."

"Hodi," Tunu akasema mara ya pili. "Ni mimi kweli."

"Tunu hana sauti hiyo."

Akabisha mara ya tatu. Hakujibiwa. Ratiba akaanza kukunja kofia.

Fundi Mtunguja ni mtu wa adabu. Hawezi kusimama mlangoni kwa watu asibishe, hata kama wenzake wameshabisha. Akasogea, akakohoa kidogo, akasema kwa ule uzi mwembamba wenye fundo katikati:

"Hodi wenyewe."

Sufuria likaanguka ndani. Mwasiti akatoka mbio, mikono ina unga, baibui lake jeusi limepinda begani. Akapiga magoti, akamnyanyua Fundi Mtunguja na suti yake na masharubu yake, akamkumbatia kifuani.

"Mdogo wangu," akasema. "Umekuja."

"Asante, dada," Fundi Mtunguja akasema kwa sauti ya Tunu. "Mimi ni fundi wa suti."

"Nyamaza. Umekonda."

Akamwingiza ndani, akampakata, akaanza kumtoa samaki miiba na kumlisha kwa mkono wake. Mafundi wengine wakakaa mkekani kama wageni wanavyokaa. Tunu alibaki nje ya kizingiti, mikono juu ya ubao, macho ndani.

"Mimi sikuwaachia mama," Mwasiti alikuwa anamwambia Fundi Mtunguja. "Uliondoka kabla sijakwambia. Walipoinua jeneza nililishika mguu. Nikasema hatoki mtu humu mpaka Tunu afike, yuko njiani, yuko Hale. Wakangoja. Wakangoja mpaka jua likapinda. Shehe akaniambia, mwanangu, maiti hangojeshwi. Sikuachia. Wakanivuta, mshono wa kwapa ukafumuka wote."

Akainua mkono kuonyesha. Baibui lilikuwa wazi kutoka kwapani mpaka karibu na kiuno.

Fundi Mtunguja akakagua. "Huu utahitaji kupitishwa cherehani mara mbili," akasema.

"Najua. Nimeuacha hivyo makusudi."

"Kula na kachumbari, fundi," mmoja wa mafundi akanong'ona, kwa kuwa hakujua aseme nini.

Basi kila kitu ambacho Tunu alikihitaji kwa miaka mitatu kilikuwa kinatolewa pale mbele yake, kimoja kimoja, na kilikuwa kinapewa Fundi Mtunguja. Naye alikipokea kwa heshima zote, akitikisa kichwa, bila kujua akiweke wapi. Tunu alitaka kupiga kelele. Alikumbuka anayo sauti ya kutosha kubomoa nyumba, akaogopa.

"Zimekwisha," Ratiba akasema pembeni yake. "Dakika ishirini. Tunaondoka."

Tunu akamshika. Ratiba alikuwa amekunjwa mara mbili. Akamkunja mara ya tatu, ya nne, ya tano, mpaka akawa kama kipande cha chaki, akamfungia kwenye pindo la kanga.

"Hili halimo ndani yangu," sauti ikasema kutoka pindoni.

"Najua," Tunu akasema.

Akaweka viwiko juu ya kizingiti, akajivuta. Ilichukua muda. Mguu mmoja ulipita, wa pili ukakwama, akaanguka ndani kifudifudi mbele ya sahani za watu. Mwasiti akamtazama. Alichokiona ni mwanamke wa kimo cha ndoo, mwenye sura ya marehemu mama yao, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Karibu," akasema kwa wema. "Chakula kipo."

"Da Mwasiti," Tunu akasema.

Ilitoka nzito, ya kiume, kama kutoka chini kabisa ya pipa. Lakini mkono wa Mwasiti uliokuwa na samaki ulisimama hewani, maana ni mdogo wake tu aliyemwita hivyo, na Fundi Mtunguja akabaki na kinywa wazi, akingoja.

Kabla Mwasiti hajajibu, ndege wa kijivu akatua dirishani.

"Leo nimezika watu wawili," akasema.

Mafundi wakatazama sahani zao. Mwasiti akamshusha Fundi Mtunguja taratibu, akamkalisha kwenye mkeka. Akanyanyuka, akachukua kifuu cha nazi, akatia maji, akakiweka dirishani. Ndege akainama, akanywa.

"Huyo ni nani?" Tunu akauliza, ingawa alijua.

"Ndege tu. Huja kila siku tukishakula. Namwekea maji."

"Huyu? Dada, unamwekea maji huyu, na anachokisema unakisikia?"

"Nakisikia. Nikimnyima atakufa," Mwasiti akasema. "Mwenyewe hana kosa. Ni neno tu alilopewa, halina pengine pa kwenda."

Tunu anapiga magoti, na akipiga magoti anakuwa mfupi zaidi, kidevu chake kiko sawa na ukingo wa sahani. Anafungua kinywa. Neno analolitaka analijua. Liko chini kabisa, linapanda ngazi moja moja katika koo ambalo si lake. Linaanza kutoka. Nyumba inatikisika. Sufuria la kwanza linaanguka kutoka rafuni, la pili linalifuata, vifuniko vinazunguka sakafuni na kulia, na kimoja kinakataa kunyamaza, kinalia, kinalia.

Ilikuwa simu.

Tunu aliinua shavu kutoka kwenye cherehani. Nje jua lilikuwa limesogea kidogo tu. Simu ilikuwa juu ya meza ya kukatia, ikitetemeka kuelekea kwenye mkasi. Namba haikuwa na jina, ila tarakimu tatu za mwisho alizijua kama anavyojua vidole vyake. Akapokea kabla hajapata nafasi ya kufikiri.

"Haloo."

Lilitoka zito, likikwaruza, kama la mtu aliyemo ndani ya pipa.

"Samahani, kaka," mwanamke akasema. "Huenda nimekosea namba. Namtafuta mdogo wangu. Anaitwa Tunu, ni fundi hapo Korogwe."

Tunu akasimama. Barazani Fundi Mtunguja alikuwa anamweleza mteja kuwa suti haijawa tayari, na Tunu hakutaka kusikiliza anamweleza kwa sauti gani.

"Usikate," akasema. "Da Mwasiti, usikate. Ni mimi."

"Una mafua?" Mwasiti akauliza.

"Sijui. Nilikuwa nimelala."

"Nimeletewa majina ya wageni wa kesho. Nikaona la kwako. Nikazunguka na ile karatasi humu ndani tangu asubuhi, nikasema nisipouliza nitaunguza chakula cha watu." Akavuta pumzi. "Unakuja?"

Tumbo, jino, kizunguzungu. Vyote vilikuwa tayari, vimepangwa mstari. Tunu alivitazama.

"Nakuja," akasema. "Dada. Lile neno nililolisema mkekani."

"Tunu, yameshapita."

"Hayajapita. Nilikuwa sijui linavyosikika. Nisamehe."

Tunu aliibana simu sikioni mpaka sikio likauma. Kule Pangani kulisikika mlio wa sahani, mtu akipita na ndara, kisha, karibu sana na simu, sauti ndogo ya ndege, noti chache za wimbo zisizopanda wala kushuka. Zikarudiwa.

"Ndege gani huyo?" Tunu akauliza.

"Yupi? Aa, huyu wa dirishani." Mwasiti alikuwa analia, na alikuwa anajaribu kuongea kama mtu asiyelia. "Hata jina lake silijui. Kijivu tu, mdogo. Huja saa hizi tukishakula. Ngoja nimwekee maji, narudi sasa hivi. Usikate."

Tunu hakukata. Akasikia maji yakimiminwa.